Cyril Hudak, Aliyetaka Kuitwa Fundi Bomba

Baba Padre, ndugu, majirani, nanyi mliofunga maduka ili mje kumsindikiza: familia inawashukuru. Maneno haya anayasoma Paulette, binti wa marehemu, na yamechapishwa pia kwenye karatasi mlizoshika, asije mtu kusema baadaye kwamba hakusikia vizuri. Tuna ombi moja kabla hatujaanza. Kuna mnong'ono kule nyuma, karibu na mlango, na tunajua unahusu nini. Tafadhali, ngojeni kwanza tumzike.

Cyril Michael Hudak alizaliwa tarehe 3 Februari 1950 hapa Hallam Forge, Pennsylvania, katika nyumba ya Mtaa wa Cinder. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Jozef Hudak wa kiwanda cha chuma, na Bi Verona. Alibatizwa katika kanisa hili hili. Mama yake alisimulia kwamba alichelewa sana kutembea. Alijiburuza sakafuni kwa makalio mpaka majirani wakaanza kumhurumia. Miaka ya baadaye watu ambao hawakuwepo waliibadili hadithi hiyo, wakasema alizaliwa anakimbia. Bi Verona aliisikia hata hapa kanisani, akatikisa kichwa na kuendelea na rozari yake.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya Hallam Forge kuanzia 1964 hadi 1968. Somo alilolipenda lilikuwa ufundi. Bwana Lesko ndiye aliyemfundisha kuunga bomba la shaba lisivuje, na Cyril alibeba nyumbani bomba lake la kwanza kumwonyesha baba yake kama mtu aliyeshinda kombe. Lakini alikuwa pia na mabega, na kocha aliyaona. Akafanywa mkimbiaji wa Wafua Chuma, timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, yule anayepewa mpira mkononi na kuambiwa apenye katikati ya watu wanaotaka kumvunja. Alicheza misimu mitatu, akapenya. Familia haitaongeza neno hapo, maana kila mmoja wenu ana simulizi yake, na baadhi yenu mnaobisha kwa sauti kubwa zaidi mlikuwa hamjazaliwa. Aliporudisha jezi, Novemba 1967, alidhani amemaliza.

Hapo ndipo alipokosea. Wageni waliofika leo kutoka mbali wanahitaji kuelezwa desturi yetu. Kila mwaka, Ijumaa ya pili ya Kwaresima, watu wa Hallam Forge hukusanyika katika ukumbi wa zima moto kula samaki wa kukaanga. Wakishashiba, kila mtu mzima hutumbukiza kizibo chake cha bia katika mtungi wa mkimbiaji anayemwona mkubwa kuliko wote katika historia ya Wafua Chuma. Wanaoshindanishwa hukaa mbele ya watu, kila mmoja nyuma ya mtungi wake, mpaka kizibo cha mwisho. Aliyehama mji hufutwa. Aliyekufa hubaki. Tangu 1980 mitungi imekuwa miwili: wa Cyril Hudak, na wa Bwana Wendell Tibbs, aliyecheza miaka kumi baada yake. Watu wa mlimani walikuwa wa Cyril na watu wa bondeni wa Wendell, mpaka watoto wao walipooana na kila meza ikawa na wabishi wa pande zote mbili.

Kazi ya marehemu ilikuwa ufundi bomba. Alijifunza kwa Mzee Hornyak, akapata leseni mwaka 1973, akaifanya kazi hiyo mpaka 2015. Hakuna nyumba mjini hapa ambayo hakuwahi kulala chali chini ya sinki lake. Na hapo ndipo mlipomkamatia. Paulette alikuwa akimsaidia wakati wa likizo, na anakumbuka siku moja kwa Bi Stella Gombar, Mungu amrehemu. Cyril alikuwa kichwa ndani ya kabati, maji yanamchuruzika shingoni, mikono yote miwili imeshika bomba. Bi Stella akavuta kiti, akakaa karibu na miguu yake.

"Sasa Cyril, tuko wenyewe. Sema kweli. Wendell angeweza kupita kwenye lile tope la mechi yenu ya mwaka sitini na saba?"

"Bi Stella, nipe ile koleo."

"Nakupa. Nijibu kwanza."

"Maji yanaingia sikioni, mama."

"Si umebaki na sikio la pili?"

Alitoka pale amelowa mpaka kiunoni. Kwenye gari alikaa kidogo bila kuwasha injini, kisha akasema, "Nimemwekea bomba zuri kuliko yote niliyowahi kufunga. Hata hakulitazama."

Tarehe 16 Juni 1973 alifunga ndoa na Bi Marlene Yurick, msichana wa duka la mikate. Waliokuwepo wanakumbuka kwamba kwenye sherehe ubishi ulipamba moto mpaka keki ikakatwa na maharusi peke yao, hakuna aliyegeuka kutazama. Marlene alicheka siku hiyo. Alicheka miaka mingi, kwa kweli, na alipenda kusema, "Nimeolewa na mtu mmoja, naishi na mji mzima." Baadaye alilisema bila kucheka. Walijaliwa watoto wawili, Paulette na Gregory.

Mwaka 1986 kiwanda kilipofungwa, dada yake Marlene, Dolores, aliwatafutia nafasi Tucson, Arizona. Huko hakuna aliyewahi kusikia habari za Wafua Chuma. Cyril alifurahi kama mtoto. Alikwenda maktaba kutazama picha za mji ule, akarudi kumwambia mkewe kwamba kule mabomba hayapasuki kwa baridi, na kwamba atakuwa fundi tu, fundi kama mafundi wengine. Vitu vilifungwa. Asubuhi ya kuondoka watu walianza kuingia jikoni na sufuria za kabichi iliyofungiwa nyama, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanaume waliokwisha kupoteza kazi, na hawakuwa na pa kwenda. Bwana Stush Babyak, mkuu wa zima moto, alisimama karibu na jiko, kofia mkononi.

"Kiwanda kimekwenda, Cyril. Na wewe unakwenda. Sasa sisi tukikaa pamoja tutabishania nini?"

"Mna Wendell, Stush."

"Mtu mmoja habishaniwi, kaka."

Bwana Babyak, kaa tu, hakuna anayekulaumu. Ulikuwa unalia, na Cyril alikuwa mtu asiyeweza kumpita mtu anayelia. Kufikia mchana alikuwa anafungua kamba za vitu. Marlene alimsaidia, akafika kwenye sanduku la vyombo vyake vizuri vya jikoni, akasema hilo liachwe. Aliaga dunia tarehe 9 Mei 2011, sanduku likiwa bado na kamba yake. Baba alijilaumu mpaka mwisho, na sisi tunalisema wazi kwa sababu ni kweli: alibanwa na upendo wenu, na mama akabanwa pamoja naye. Ni vigumu sana kumkasirikia mtu aliyekuletea chakula.

Mwaka 1994 alijaribu mara moja kukwepa ile Ijumaa. Alijilaza kitandani, akasema ana mafua. Gari la zima moto lilikuja likipiga kengele Mtaa wa Cinder mzima, wakambeba na blanketi lake, wakamkalisha nyuma ya mtungi, kipimajoto mdomoni. "Umwa ukiwa umekaa hapa," walimwambia. Picha hiyo mmeitundika ukumbini, na kila anayeiona hucheka. Mtazameni macho yake siku mtakapopita tena.

Familia inamshukuru Mungu kwa ajili ya Wendell Tibbs. Baridi ya 1989 mabomba ya Wendell yalipasuka, na hakukuwa na fundi mwingine. Kabla ya hapo walikuwa wameketi bega kwa bega kila Kwaresima bila kuzungumza, kwa sababu wakifungua midomo, ukumbi mzima unanyamaza kuwasikiliza. Cyril alijipenyeza chini ya sinki akisubiri lile swali. Halikuja. Wendell alishika taa, akampa koleo kabla hajaiomba, kisha akauliza, "Hivi hili bomba kwa nini limepindwa hivi?"

Cyril akatoa kichwa nje. "Umeuliza nini?"

"Bomba. Kwa nini limepindwa?"

Alimweleza kwa saa nzima. Kuanzia siku hiyo, kila Jumatatu alikunywa kahawa jikoni humo, na gari lake aliliegesha nyuma ya nyumba, watu wasione wako pamoja wakaanza upya. Walizungumza habari za watoto, shinikizo la damu, na jinsi ya kukausha chumba cha chini ya nyumba. Mpira hawakuutaja hata mara moja. Marlene alisema mume wake alirudi kutoka huko na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Mwaka huu, 2023, moyo wake ukiwa tayari umechoka, marehemu aliamua kujiokoa mwenyewe. Kwa desturi anayeshindanishwa hapigi kura, lakini hakuna sheria inayomkataza. Tarehe 3 Machi aliinuka kwenye kiti chake, akajikongoja mbele ya watu wote, akatumbukiza kizibo katika mtungi wa Wendell. Cyril akasema, "Basi. Nimesema mimi mwenyewe. Wendell ni mkubwa kuliko mimi. Ubishi umekwisha, nendeni nyumbani."

Bwana Babyak alisimama, machozi yanamlengalenga. "Mmeona? Mmeuona unyenyekevu huo? Mkubwa wa kweli ndiye pekee anayeweza kufanya hivyo!"

Watu wa bondeni kabisa, walioupigia kura mtungi wa Wendell maisha yao yote, waliinuka na chupa mpya, wakafungua, wakampa Cyril vizibo. Alishinda kuliko mwaka wowote. Wendell alimwinamia sikioni, na Paulette aliyekuwa karibu alisikia: "Ungeniuliza kwanza. Mimi nilishajaribu hiyo mwaka tisini na saba, ila nilifanya kimyakimya." Walicheka mpaka Cyril akakosa pumzi, na usiku wa siku hiyo hiyo alilazwa.

Aliugua moyo kwa miezi saba. Hospitalini alihudumiwa na daktari kijana aliyetoka mbali, ambaye alimwuliza alikuwa anafanya kazi gani. "Fundi bomba," alijibu, na daktari akaandika, kisha akamwuliza habari za shinikizo la maji katika bomba jembamba, kwa kuwa ndivyo moyo wake ulivyokuwa. Baba alifurahi siku mbili. Siku ya tatu mhudumu wa chakula akaingia na sinia, akasoma jina kwenye karatasi. "Hudak? Wewe ndiye Hudak wa Hallam Forge? Babu yangu anasema Wendell alikuwa mwepesi kuliko wewe. Lakini usijali, mzee, mimi nakutetea." Baba alifumba macho, akaomba aletewe maji.

Siku za mwisho, chumba kilikuwa kimejaa watu wenye simu, wakitaka picha ya wakimbiaji wawili pamoja. Wendell aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akavuta kiti. Sisi watoto alituacha tubaki.

"Mimi natoka, Wendell," Baba alisema.

"Unadhani. Ukifa watakupigia kura zaidi."

"Ndiyo. Lakini sitakuwa nimekaa pale kuhesabiwa vizibo. Wewe utakuwa umekaa."

Wendell akasema kwamba binti yake, Rochelle, amekuwa akimwita aende kuishi naye Georgia tangu mkewe alipofariki. Chumba kiko tayari. Amekataa miaka sita.

"Umekataa kwa nini?"

"Ningekuachaje peke yako mbele ya watu wale?"

Baba alimshika mkono, akalia, na Wendell akalia. Kisha Baba akamgeukia Paulette. "Wewe ndiye utakayesoma wasifu wangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi mtaje humo. Kanisani hawawezi kubisha."

Cyril Hudak alifariki tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa usingizini. Ameacha watoto wawili, Paulette na Gregory. Mkwe mmoja, Renata. Wajukuu watatu, Tobias, Marlene na Joel. Dada yake, Bi Ludmila. Shemeji yake Dolores wa Tucson, aliye nasi leo. Na rafiki yake, Bwana Wendell Tibbs. Familia imekataa jezi kuwekwa juu ya jeneza, na jiwe la kaburi litaandikwa jina lake, jina la mkewe, na maneno Fundi Bomba. Mtungi wake fanyeni mpendavyo. Hayupo tena, na hautamuumiza.

Sasa lile alilotuagiza. Wendell yuko hapa, safu ya mbele, mwenye koti la kijivu. Tukimaliza makaburini anaondoka moja kwa moja kwenda Georgia, na harudi. Tunajua mnampenda. Tunajua sheria inasema atafutwa, na kwamba mwakani mtakuwa na mtungi mmoja wa marehemu na ukumbi usio na la kubishania. Msimletee chakula. Msilie mbele yake. Msimwulize kitu chochote. Mpeni mkono, mwambieni safari njema, kisha msogee pembeni apite.

Baba yetu alale salama. Na Wendell afike salama.