Natanine Uvilluq, Fundi wa Injini Zilizokataa Kuwaka (1952–2023)

Ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wote wa Tasiujarjuk, mchungaji, na ninyi mliotoka vijiji vingine mkakwama uwanja wa ndege siku mbili kwa sababu ya upepo, yafuatayo ni maisha ya Natanine Uvilluq, yaliyoandikwa na dada yake mkubwa Siasi, na yanasomwa na mpwa wake Jusipi, ambaye ameagizwa asiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaomchoma mtu aliyeketi humu ndani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, ndani ya hema, katika kambi ya mdomo wa mto upande wa kusini mwa hapa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tumasi Uvilluq na mkewe Alasi, akapewa jina la babu yake mzaa mama, Natanine, aliyekuwa amefariki wiki sita kabla, na kwa kuwa kwetu anayepewa jina ndiye yule yule aliyerudi, mama yake alimwita "baba" tangu siku ya kwanza, na Siasi, aliyekuwa na miaka minne, akafundishwa kumwita "babu", ikawa kazi yake kumfuta babu yake kamasi na kumfokea, "Babu, tema hilo jiwe!"

Mwaka 1961 familia ilihamishiwa hapa kijijini, marehemu akaanza shule ya serikali mwezi Septemba mwaka huo, akasoma mpaka darasa la sita mwaka 1967, akajua kuandika, kugawanya na kuzidisha, akachapwa kwa kusema lugha ya mama yake, na hakupata cheti kwa sababu wiki ya kutoa vyeti ilikuwa wiki ya bata-bukini, naye alikuwa mtoni na bunduki pamoja na baba yake, jambo ambalo hakulijutia hata siku moja.

Mwaka 1968 mzee Tumasi aliuza ngozi za mbweha za majira mawili akanunua pikipiki ya theluji, ya nne katika kijiji hiki, nayo ilipofika mwezi Januari ikakataa kuwaka, mzee akavuta kamba mpaka bega likamvimba, akaipiga teke, akaitukana akisema mbwa hata akiwa na njaa huamka akiitwa, ndipo marehemu, akiwa na miaka kumi na sita, alipofungua plagi, akainusa, akaikausha kwa pumzi na kwa kwapa, akairudisha, mashine ikaunguruma, na baba yake badala ya kumsifu akasema, "Kumbe ulikuwa unajua, ukaniacha nivunje bega?"

Alifanya kazi katika gereji ya duka la ushirika kuanzia Mei 1974 hadi 1983, kisha akajenga karakana yake nyuma ya nyumba kwa mbao za makasha ya meli, na tangu hapo kila mwenye injini mbishi alipita kwake, naye hakugusa kamba kabla ya kuuliza maswali, imelala wapi, petroli ni ya lini, umevuta mara ngapi, na watu walimdanganya kama wanavyomdanganya muuguzi, mtu anasema, "Mara tatu tu, fundi," naye anafungua plagi anamwonyesha, "Mara tatu, na plagi inatiririka kama pua yako?" Alisema injini inataka vitu vitatu tu, petroli ifike, cheche iruke, hewa iingie, na mwenye kukosa subira ya kuvitafuta kimoja kimoja atavuta kamba mpaka Pasaka.

Tarehe 12 Julai 1975 alifunga ndoa katika kanisa hili na Maata, binti wa kambi ya visiwani, aliyemkataa mara mbili kwa sababu ya harufu ya petroli na mara ya tatu akachoka kukataa, wakajaliwa watoto wanne, Tumasi, Alasi, Juani na Liisa, wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1990, wote wako hapa.

Sasa linafuata lile ambalo wengi humu mmelizungumza jikoni kwa miaka ishirini na miwili, na leo litasomwa mbele ya watu.

Alhamisi tarehe 15 Februari 2001, Putulik, mtoto wa pekee wa Akinisi mliyemwona ameketi benchi la mbele, kijana wa miaka ishirini na sita, mcheshi, mwenye haraka, alileta pikipiki yake iliyokuwa ngumu kuwaka, wakati kulungu walikuwa wameonekana mwendo wa nusu siku tu kutoka hapa, na kila dakika alikuwa anachungulia karakana, "Fundi, kulungu wanazeeka huko!" naye marehemu akaiingiza mashine ndani kwenye joto, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akavuta kamba mara moja ikawaka, na kijana akapanda juu akiwa anacheka, akaondoka.

Theluji iliyokuwa imejishindilia kwenye boksi la hewa ilikuwa imeyeyuka kwa joto la karakana, maji yakashuka polepole mpaka kwenye kabureta, na mashine ilikwenda vizuri kutwa nzima kwa sababu ilikuwa na moto, lakini Putulik alipoizima akalala, maji yakaganda, petroli ikakosa njia, na asubuhi hakuna kamba ambayo ingeiwasha, kwa hiyo akaanza kurudi kwa miguu, dhoruba ikamkuta, akapatikana Jumanne tarehe 20, kilomita kumi na moja kutoka nyumba ya kwanza ya kijiji.

Marehemu alikuwa katika msafara uliomtafuta, na wenzake walipombeba kijana, yeye alibaki kwenye mashine, akafungua kifuniko, akakuta barafu ndani ya kabureta, akaing'oa kwa mikono mitupu, akaja nayo moja kwa moja nyumbani kwa Akinisi, akaiweka mezani mbele ya wanawake waliokuwa wakilia, akasema, "Mama, mashine haikumwua, wala baridi haikumwua, mimi niliijaribu ndani ya joto nikampa," na Akinisi, ambaye ulimi wake mnaujua, aliitazama ile barafu ikiyeyuka juu ya kitambaa chake cha meza, akasema neno moja, "Toka."

Walikuwapo waliomwambia marehemu angenyamaza, kwani nani angejua, na mmoja wao ni dada yake Siasi, analiandika hapa ili asije mtu mwingine kulisema.

Tangu siku hiyo hakuna mashine iliyotoka kwa Natanine Uvilluq bila kulala nje usiku mzima, na asubuhi mwenyewe aje aivute mwenyewe ikiwa baridi kama jiwe, ikikataa hapewi, hata awe mkubwa wa polisi, hata awe na mgonjwa, watu wakanung'unika, wengine wakahama wakaenda gereji nyingine, naye hakubadilika.

Mwaka 2002 alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza, alikwenda kwa Akinisi kuomba mtoto apewe jina la Putulik, ili kijana arudi akae kwenye joto, akajibiwa mlangoni, "Mwanangu alitoka kwako akafa, unataka arudi kwako akafanye nini?" akaenda tena mwaka 2006, na 2011, na 2017, kila mjukuu alipozaliwa, akarudi na jibu lile lile, na kwa kuwa Akinisi alizikatalia na nyumba nyingine zote, jina lile likabaki nje miaka yote hiyo, jambo lisilo jema kwetu, Siasi akamwendea akamwambia, "Unamwadhibu fundi au unamwadhibu mwanao?" wakaacha kusalimiana miaka minne, hata dukani.

Marehemu alianza kukohoa mwezi Agosti 2022, akasema ni moshi, Oktoba akasafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya kusini, madaktari wakakuta saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea, akakaa huko mpaka tarehe 10 Januari 2023, akaomba arudishwe afie anapojua mlio wa kila mashine inayopita, akalazwa chumba cha mbele, kitanda kikasogezwa dirishani.

Jumamosi tarehe 4 Februari mwaka huu, Akinisi, mwenye miaka themanini na moja, alikuja amepanda mashine ya jirani iliyovuta nyuma yake pikipiki yake mwenyewe, akaiacha chini ya dirisha lile, akaingia bila kugonga, hakuuliza hali ya mgonjwa, akasema, "Fundi, hii takataka haiwaki, na wale vijana wa gereji wamenibadilishia plagi tatu kama wanacheza karata," naye marehemu, ambaye wakati huo kukaa tu kitako kulimmaliza pumzi, akauliza, "Umevuta mara ngapi?" mama akajibu, "Nyingi, mimi sidanganyi mafundi."

Basi kazi ikafanywa kwa maneno kupitia dirisha lililofunguliwa kidogo, Maata mkewe akiwa nje na spana, Akinisi akishika taa, na ndani Siasi akipaza sauti kwa niaba ya mgonjwa, plagi ikatolewa ikaonekana kavu kabisa, ikashikizwa kwenye chuma, kamba ikavutwa, cheche ikaruka ya buluu, nzuri, kwa hiyo marehemu akaagiza petroli kifuniko kimoja imiminwe kwenye tundu la plagi, injini ikawaka, ikapumua mara mbili, ikafa, hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi, akasema, "Ina njaa, petroli iko tangini lakini haifiki, tazameni ule mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye pampu, pampu inavuta petroli kwa pumzi ya injini, ukunjeni," na Maata akaukunja, ukafunuka mpasuko upande wa chini, ambao mpira ukiwa umenyooka hakuna jicho linaloweza kuuona, wakakata ncha mbovu, wakauchomeka tena, mashine ikawaka mvuto wa pili.

Akinisi alikuwa amekwisha kupandisha mguu aondoke nayo, marehemu akagonga kioo, akasema kwa sauti yake mwenyewe, isiyopita ya paka, "Hapana, mama. Ilale hapo nje. Kesho uje uivute ikiwa baridi," na mama yule akasimama na mguu mmoja juu ya kiti, akasema, "Hayo ndiyo ungemwambia Putulik," naye akajibu, "Ndiyo hayo," mama akashusha mguu, akaenda kwake kwa miguu.

Asubuhi, baridi ikiwa nyuzi arobaini na moja chini ya sifuri, alirudi, akavuta mwenyewe mara mbili, ikawaka, akaiacha ingurume, akaingia, akanywa chai, akala samaki aliyeganda, akamtazama Liisa aliyekuwa na mimba ya miezi saba, akamwambia, "Wewe, huyo uliyembeba aitwe Putulik, na ajifunze kukaa, asiwe na haraka," kisha akalalamika kuwa chai ni nyepesi.

Siku zilizofuata marehemu alizidi kudhoofika, na Siasi, akiona mdogo wake hatamwona mtoto, alimshauri kwamba mtoto mmoja aweza kubeba majina mawili, wengine humu wana matano, basi huyu awe Putulik na awe Natanine pia, warudi pamoja, marehemu akakataa, akasema, "Nikiingia naye mlango mmoja, mama yake kila akimtazama ataniona mimi. Aingie peke yake," Siasi akamuuliza kwa hasira, "Na wewe utakaa wapi, babu?" akajibu, "Nje kidogo. Baridi haitaniua mara ya pili," wakagombana, na huo ndio ugomvi wao wa mwisho, na dada mtu alishindwa.

Natanine Uvilluq alifariki Jumatatu tarehe 13 Machi 2023, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika miguu, na Jumatano tarehe 15, wiki nne kabla ya siku zake, Liisa alijifungua hapa hapa zahanati, mtoto wa kike, kilo mbili na robo, mapafu mazima, na kwa kuwa kwetu jina halichagui kike wala kiume, akapewa jina la Putulik peke yake, kama alivyotaka marehemu, na kichanga mnachokisikia kikilia benchi la mbele kiko kwenye mikono ya Akinisi, anayemwita "mwanangu" na kumkaripia kwamba amechelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kusini waliosema ukweli bila kuzunguka, muuguzi wa zahanati aliyehudumia kifo na uzazi katika wiki moja bila kulala, rubani aliyekubali kutua, wafanyakazi wenzake wa zamani wa gereji ya ushirika, majirani walioleta nyama na kuni za makasha, vijana waliochimba kaburi siku tatu kwa nyundo ya umeme kwenye ardhi isiyotaka kufunguka, na wote wenye mashine zilizolala nje ya karakana yake wiki hii, waje Jumatatu wazivute wenyewe, Maata atakuwapo.

Siasi anawatangazia pia kwamba jina la Natanine Uvilluq halijachukuliwa, mwenye mimba katika kijiji hiki au kijiji chochote asione haya kuja kugonga, aje mapema, kwa kuwa dada mtu ana miaka sabini na tano, na hana tena miaka ishirini na miwili ya kungoja.

Pumzika salama, Natanine, mpaka utakapoitwa.