Ufunguo Ashike Dada

Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe fundi bomba, kifungua mimba wangu, acha kulitazama hilo bomba la jikoni, limevuja tangu unatambaa na halitakimbia leo. Kaa. Nataka kusema nikiwa bado na pumzi, na nina furaha, kwa hiyo mtu asinililie kabla sijamaliza.

Nyumba hii ni yenu watatu, msiiuze. Atakayekwama na maisha arudi alale, asiulizwe kitu mpaka ashibe. Cherehani ni yako fundi bomba, maana unashona vizuri ingawa unaona haya kukiri. Viatu vyangu vyeupe vya chumba cha upasuaji ni vyako binti yangu, kwa kuwa ulinifuata kwenye uuguzi, na hiyo miguu mikubwa umeirithi kwangu, usimsingizie marehemu baba yako.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wewe kitinda mimba wangu, daktari wa usingizi, ulilaza mji mzima na wewe mwenyewe ukakosa usingizi, ukaanza kujidunga ile dawa kali inayobaki kwenye sindano baada ya upasuaji. Kazini kwetu masalio hayo humwagwa kwenye sinki mbele ya mtu wa pili, na wote wawili hutia saini. Mtu wako wa pili alikuwa dada yako. Ukamwaga maji, dawa ukaitia mfukoni, naye akatia saini bila kutazama sana, maana nani anamchunguza mdogo wake aliyembeba mgongoni? Siku alipogundua alilia humu jikoni, kisha akanawa uso akaenda kukusema kwa mkuu wenu. Ukapelekwa kwenye matibabu ya uraibu, na hata ulipotoka, ukimwona dada yako njiani ulivuka barabara.

Nilikuja kukuona kule kituoni nikakukuta umekonda, unatetemeka, unamenya viazi na mgonjwa mwenzako, dereva wa lori, mnabishana nani anakata maganda manene, nikarudi nyumbani naimba. Umepona, na bado unaendelea kupona, kama mlivyofundishwa kusema. Umerudi kazini kwa masharti, unapimwa mkojo bila taarifa, na dawa zile huzishiki ukiwa peke yako.

Leo asubuhi nilikuita nikupe ufunguo wa kisanduku cha mofini yangu, nikitaka ndugu zako waone kwamba nakuamini. Ukarudisha mikono nyuma. Ukasema, "Hapana mama, mpe dada. Yeye ndiye aliyenikamata, hatanionea aibu tena. Mimi nitakaa nitazame anavyopima." Binti yangu alikuwa mlangoni na beseni la kuniogeshea, akaliangusha, maji yakaenda mpaka chini ya kitanda, na nyinyi wawili mkapiga magoti mkayakausha kwa taulo moja, mnacheka na kulia, wala hakuna aliyekumbuka kwamba sijaogeshwa. Sijafurahi hivyo tangu nilipowazaa.

Basi shikeni maneno yangu. Ufunguo ashike dada. Yeye apime, wewe tazama. Maumivu yakizidi nikiomba, nipeni kama daktari wangu alivyoandika, msininyime kwa kuogopa yaliyopita. Nikishaondoka, dawa itakayobaki muirudishe hospitali nyinyi wawili, ikamwagwe mbele yenu, na safari hii binti yangu tazama vizuri, nawe usikasirike akikutazama. Siku ile hamu ikikurudia, mpigie yeye kwanza. Na wewe ukipigiwa, nenda, lawama ziache nyumbani.

Ninachoka sasa. Niinueni mto... hapo, hapo panatosha. Mungu awape usingizi wa kawaida, ule unaokuja wenyewe. Awape mikono isiyoficha kitu. Mpendane... hata mkiudhiana, mpendane.

Fundi bomba, haya, nenda kalitazame hilo bomba, hata mimi linanikera. Hapana, ngoja. Baadaye. Shika miguu yangu, ina baridi. Binti, lete mkono. Na wewe, daktari, njoo kichwani pangu, si ndipo mnapokaa mkilaza watu? Usiniambie nihesabu, kama mnavyowaambia wagonjwa mkiwalaza. Nitahesabu mwenyewe.

Mmoja... wawili...

Watatu. Mko wote.