Bi Kazija na Kibao Kisicho na Miguu

Baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Sanaa na Ubunifu katika Skuli ya Mchangarawe, Wete, Mwalimu Kazija Ngwali Shaame anastaafu leo, tarehe 30 Novemba 2023. Bi Kazija, kama tunavyomwita sote kuanzia Mwalimu Mkuu mpaka watoto wa Darasa la Kwanza, anaondoka akiwa na afya njema, sauti ileile inayofika mpaka kiwanjani, na penseli yake ileile iliyochomekwa ndani ya mtandio, juu ya sikio.

Ofisi imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu. Nimeuliza, nimehakikisha, kisha nimeuliza tena. Pale kumbukumbu za watu zilipopishana, nimefuata ya yule aliyekuwapo.

Alipowasili hapa mwezi Machi 1987, Sanaa kilikuwa kipindi cha kupumzikia. Mwalimu alichora chungu ubaoni, darasa likanakili, na mwenye chungu kilichofanana zaidi na cha mwalimu akapata alama nyingi. Siku yake ya kwanza Bi Kazija aliutazama ubao, akauliza: "Chungu hiki cha nani? Anapikia nini? Anapikia watu wangapi?" Mmoja akajitosa kusema kuwa ni cha mwalimu. "Miye chungu kibaya hivi sinacho," akajibu, akakifuta. "Nendeni majumbani mkatazame vyungu vinavyopika." Wiki iliyofuata madaftari yalirudi na masizi, midomo iliyomeguka, na kitambaa kilichokunjwa cha kuepulia. Hakuna chungu kilichofanana na mwenzake. Wote walipata alama nzuri.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kanuni ambayo kila aliyesoma hapa anaijua. Kabla hujachora kitu, nenda kwa atakayekitumia, ukae, ufunge mdomo, utazame. Ukishakitengeneza, mpe akitumie, na mdomo uufunge tena. Mwanafunzi aliyeanza kueleza alikatizwa palepale: "Ukimweleza umeharibu. Utakuwapo kwao kila siku kumweleza?"

Kanuni hiyo ilihitaji chumba. Alipewa banda lililo nyuma ya jengo la zamani, akalisafisha na wanafunzi wake, akaliita karakana. Leo tunaipenda karakana hiyo kama tumezaliwa nayo, lakini mara mbili ilikaribia kuondoka mikononi mwake. Mara ya kwanza iliokolewa na kibao. Mara ya pili ni mwaka huu, na wengi wetu tulishika roho mkononi.

Kisa cha kibao ni cha mwaka 1996. Madawati yalikuwa machache, na watoto wa Darasa la Pili waliketi chini, madaftari magotini, maandishi yakipanda na kushuka kama njia ya kwenda Tumbe. Wakati huohuo palikuwa na fikra ya kuligeuza banda kuwa darasa la kawaida. Bi Kazija alipewa muhula mmoja aoneshe kama somo lake lina faida. Aliwaita wanafunzi wa Kidato cha Kwanza akawaambia: "Wadogo zenu wanaandikia magoti. Mna muhula mmoja, na miye pia."

Vijana walifanya kazi kwa furaha. Walitengeneza kiegemeo cha mbao chenye miguu ya mkasi, kinachokunjika, chepesi, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Mzee Matano, fundi seremala aliyewaazima randa, alikigeuzageuza akasema hata yeye angekitia saini. Walipokipeleka Darasa la Pili, kila mtoto na chake, mambo yakawa mengine. Watoto walikipokea kwa mikono miwili. Wakakiangalia. Kisha mmoja akanyanyua kidole: "Mwalimu, hiki mpaka tutie udhu?"

Vijana walikuwa wametengeneza marufaa. Kila mtoto wa hapa amekutana na marufaa katika chuo cha Kurani kabla hajaijua skuli, na anajua kuwa kinachowekewa Msahafu hakiwekewi kiwiko, hakisogezwi kwa mguu wala hakirukwi. Nusu ya darasa walikwenda bombani kutawadha kabla ya hesabu. Waliobaki waliketi wima, hawathubutu kuandika. Mtoto aliyeketi nyuma alitaka kwenda msalani, na njia nzima imejaa viegemeo. Alisimama akilia kwa adabu mpaka mwalimu wa darasa alipomnyanyua na kumpitisha juu ya vichwa vya wenziwe. Vijana wa Kidato cha Kwanza walikuwa mlangoni, midomo wameifunga kama walivyofundishwa. Waliokuwapo wanasema Bi Kazija alijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

Jaribio la pili lilikimbia heshima kwa kasi kubwa mno. Vijana walipunguza urefu, wakaacha msasa, wakapaka rangi ya samawati, wakatia miguu minene. Mara hii hakuna aliyeuliza udhu. Darasa zima lilikaa juu yake. Kwa macho ya watoto wale ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi iliyokosa meno, na mbuzi hukaliwa. Waliwashukuru kaka na dada zao kwa viti vizuri, wakaendelea kuandikia magoti.

Muhula ulikuwa unakwisha. Karakanani walibishana mpaka wakachoka: miguu mirefu ni marufaa, miguu mifupi ni mbuzi. Msichana mmoja mkimya, Time Ahmada, alikuwa ameketi chini, maana kiti chake kilichukuliwa na mmoja wa wabishi. Alitazama miguu yake mwenyewe iliyokunjwa, akasema: "Kisiwe na miguu basi. Miguu si tunayo siye?"

Basi ikawa hivyo. Ubao bapa unaolala juu ya magoti yaliyokunjwa, ukingo mdogo wa kuzuia penseli isiporomoke, na ukanda wa ukili wa majani ya ukindu unaopita nyuma ya mapaja ili usiteleze. Kipindi kikiisha, ukanda huohuo unaning'inizwa msumarini na njia inabaki wazi. Vijana waliwapa watoto bila kusema neno. Watoto walivaa ukanda, wakaweka daftari, wakaandika. Hawakukiangalia kibao hicho hata mara mbili. Bi Kazija husema hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa kitu kinaweza kupewa.

Mkaguzi alipokuja kuamua juu ya karakana, Mwalimu Mkuu wa wakati ule alimwomba Bi Kazija aoneshe kibao peke yake na vile vingine avifiche. Hakukubali. Alivipanga vyote vitatu mezani kwa mfuatano wa makosa yake. Mkaguzi alicheka kwenye marufaa, akacheka zaidi kwenye mbuzi, kisha akaketi chini akavaa kibao. Karakana ilibaki. Vibao vile vilitumika mpaka madawati yalipofika, na kimoja kimetundikwa mlangoni hadi leo.

Tangu hapo wanafunzi wake wametengeneza mengi: dirisha la ofisi lililoshushwa ili bibi aliyekuja kumwandikisha mjukuu asizungumze na ukuta, kamba ya kengele anayoifikia mtoto mfupi, vyano vya wauza samaki visivyochuruza maji mgongoni mwa mwendesha baiskeli. Walimu wa skuli nyingine wamekuja kujifunza namna anavyofundisha, na wote huondoka wakilalamika kuwa hakuna walichofundishwa, wamenyamazishwa tu. Baada ya mwezi huandika barua za shukrani.

Tunafika mwaka huu. Ilipojulikana kuwa Bi Kazija anastaafu, ilisemwa kuwa karakana ifanywe stoo, kwa sababu hapatakuwa na mwalimu wa kuiendesha. Hakuandika malalamiko. Aliialika kamati ya skuli ije ikae karakanani kipindi kimoja, kwa sharti lake la kawaida. Mwenyekiti wetu Mzee Nassor, ambaye hajawahi kukaa kimya hata kwenye mazishi, aliahidi.

Siku hiyo mtoto wa Darasa la Kwanza alikuwa akijaribu kifuniko kipya cha ndoo ya maji ya kunywa. Alikivuta, kikagoma. Alikizungusha, kikagoma. Mzee Nassor alinyanyuka: "Mwanangu, bonyeza hapo—" na darasa zima likamgeukia kwa pamoja: "Shsss!" Aliketi kama aliyemwagiwa maji. Mtoto alihangaika, akakipiga kifuniko konzi, kikafunguka. Vijana waliokitengeneza wakaandika mbio: watu hupiga. Wiki ya pili kifuniko kilifunguka kwa konzi moja, na Mzee Nassor alikuja bila kualikwa kukipiga mwenyewe. "Stoo itafutiwe pahala pengine," alisema, akaomba apige tena.

Ilibaki nafasi ya mwalimu. Jana asubuhi barua ilifika, nami nimeisoma kwa makini kabla ya kuitaja hapa: kuanzia Januari, karakana itaendeshwa na Mwalimu Time Ahmada, yuleyule wa kibao, anayehamia kwetu kutoka Tumbe.

Bi Kazija, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi na wanafunzi, ahsante. Ahsante kwa kila kitu ambacho hatukukiangalia mara mbili kwa sababu kilifanya kazi.

Mwezi uliopita ulimwambia mtu ofisini kuwa wanafunzi wa Kidato cha Pili wamezidi kuja kukusalimia nyumbani, wanaketi barazani hawasemi kitu, na unachelea kuwa wana njaa. Ukawapikia mihogo. Hawakuwa na njaa, Mwalimu, ingawa mihogo waliimaliza. Walikuwa wanakutazama unavyosuka mkeka wakati magoti yako siku hizi hayapendi kukaa chini.

Kiti utakachopewa leo ndicho walichotengeneza. Hakuna atakayekueleza namna ya kukikalia. Ni jaribio la kwanza, kwa hiyo lazima kiwe na makosa, na tumekubaliana kuwa hatutakiita zawadi mpaka yapatikane. Vijana watakuja barazani kwako Jumamosi, wataketi, watafunga midomo. Mungu akupe umri mrefu, magoti mepesi na nyumba yenye furaha. Kikalie, Bi Kazija, nasi tutazame.