Kiti cha Kocha Tillery

Mheshimiwa Rais wa Chuo, Dokta Halstead; waheshimiwa wajumbe wa Bodi; Mchungaji Crenshaw, uliyekiombea chakula chetu mpaka kikapoa; Bi Nadine, mke wa mgeni wetu wa heshima; wachezaji wa zamani, mlionenepa na msionenepa; ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za jioni.

Nimepewa dakika kumi. Nimefundisha hesabu katika sekondari ya mji huu mpaka nikastaafu, kwa hiyo dakika kumi nazijua, na najua pia jinsi watu wazima wanavyotazama saa wakidhani mwalimu haoni. Dokta Halstead, nimekuona.

Jina langu ni Odessa Pettway. Kamati ya sherehe hii ilitaka seneta ndiye amuage Kocha Royce Tillery anapostaafu. Kocha akakataa, akasema, "Nataka Bi Odessa." Kesho yake bwana mmoja wa kamati akanipigia simu kwa sauti tamu kama sharubati: "Bi Odessa, hutaigusa ile habari ya mwanao Lavon, sivyo?" Nikamwambia, "Mwanangu, kama hamtaki habari ya Lavon, mleteni seneta." Basi nimekuja, na habari ya Lavon nimekuja nayo.

Nyinyi mliomjua Kocha kutoka uwanjani mmemjua nusu. Mimi nilimjua mezani. Hapa kwetu Alabama, kocha wa chuo akimtaka kijana kwa mpira wetu huu wa helmeti na kugongana, huenda nyumbani kwao. Huvua kofia, humsalimu bibi kwanza, halafu hukaa akala. Asiyekula hajaomba kitu. Na Kocha Tillery, mabibi na mabwana, aliomba! Alikula kuku wa kukaanga, akala sukuma wiki iliyopikwa na nyama ya moshi na mkate wa mahindi, na pai yangu ya viazi vitamu akairudia mpaka akalegeza mkanda akidhani simwoni. Mume wangu Amos, Mungu amrehemu, alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha kichwani mwa meza anapokaa mwenye nyumba, ambacho hata mchungaji hajawahi kukikalia.

Amos akamuuliza, "Kocha, huyu ndiye mtoto wetu wa pekee. Ukimchukua, utamfanya nini?"

"Mzee Pettway, atasoma bure na atacheza miaka minne. Nitamtunza kama wangu."

Tulimwamini. Na niseme wazi, alipoyasema maneno yale aliyaamini na yeye.

Sasa, ndugu wageni, kuna jambo ambalo katika sherehe kama hizi huwa hatulitaji, na ndilo lililotufikisha hapa. Chuo kina idadi maalumu ya nafasi za ufadhili kwa wachezaji, na haiongezeki. Lakini kila Februari makocha husajili vijana kuzidi nafasi hizo. Kwa nini? Kwa sababu wanahesabu kwamba kuna watakaofeli mtihani wa kuingia, kuna atakayerudi kwa mama yake kwa upweke, na kuna atakayekamatwa na polisi kwa upumbavu. Ikifika Agosti, hesabu inakaa sawa. Na isipokaa sawa? Hapo hutafutwa mchezaji aliyeko timuni tayari, aliyewahi kuumia, akaambiwa mwili wake umekwisha. Masomo yake yataendelea kulipwa nje ya zile nafasi, ila jezi anaivua, na daktari akishaandika hivyo hakuna chuo kingine kitakachothubutu kumvalisha. Mnacheka kidogo kidogo, naona. Mnajua ninachosema.

Mwaka wa habari yenyewe, Lavon wangu alikuwa amemaliza mwaka wa pili chuoni. Kocha akaja shuleni kwangu akiwa mpole sana. Alikuwa na vijana wapya ambao alama zao za hesabu zilikuwa za kusikitisha. "Bi Odessa, wasaidie kiangazi hiki. Jitahidi tu, hatukudai miujiza." Nikawakusanya kwenye chumba cha chini cha kanisa, kwenye joto la Julai, na feni moja iliyokuwa ikipiga kelele kuliko kupepea. Nikawafundisha mchana kutwa. Aliyesinzia nilimsimamisha, na aliyelia nilimpa maji, kisha tukaendelea.

Wakafaulu wote!

Nikaenda mwenyewe kumpasha habari. Sijapata kuona mtu akipokea habari njema kwa uso wa msiba namna ile. "Wote, Bi Odessa?" "Wote, Kocha." "Hata Kelvis Mabry?" "Kelvis ndiye aliyeongoza." Akakaa chini polepole. Nilidhani ni furaha imemzidi. Kumbe alikuwa ameshapanga wachache wafeli kama kawaida, na mimi nimemharibia.

Haikupita wiki Lavon akaja nyumbani mchana, akasimama mlangoni asiingie.

"Mama, Kocha anasema goti langu limekwisha."

"Limekwisha lini? Juzi si ulikuwa juu ya paa la kanisa unapigilia mabati?"

"Ndiyo, mama. Lakini anasema daktari ameliona. Wanataka nitie sahihi karatasi yake."

Wenye watoto mnajua kilichonipata. Mtoto wangu alikuwa ameinama analitazama goti lake, kana kwamba limemsaliti. Nilikasirika mpaka nikaogopa sauti yangu mwenyewe.

Nikampigia simu Kocha. "Jumapili baada ya ibada, njoo ule."

"Bi Odessa, mambo ya timu huwa tunayamaliza ofisini."

"Kumchukua ulikuja nyumbani. Kumrudisha njoo nyumbani vilevile. Kiti chako kipo."

Angeweza asije. Makocha wangapi mnaowajua wangekuja? Alikuja, na tai yake. Nikapanga chakula kilekile mezani, sikupunguza hata pai. Amos akamwonyesha kiti kilekile. Hakuna aliyegusa uma.

Nikasema, "Haya, Kocha. Mwambie mtoto mbele ya baba yake. Hilo goti limefanya nini?"

Akaizungusha kofia yake mikononi, akaizungusha, akaizungusha. Mwisho akamtazama Lavon usoni. "Goti lako ni zima. Tatizo ni mimi. Nimesajili watu wengi kuliko nafasi nilizo nazo."

Lavon akauliza, "Na ile karatasi nikiisaini?"

"Hutacheza tena popote. Usiisaini, mwanangu. Nafasi yako hapa nimeshaitoa, siwezi kukurudishia. Lakini usiisaini."

Akainuka, akasema, "Nisamehe, Bi Odessa," akatoka na njaa yake tumboni. Sikumzuia. Siku ile ningeweza kumfukuza mpaka darajani.

Ndugu zangu, kitu nilichokuja kukisifu leo ni ile sentensi aliyoisema mezani kwangu. Vikombe mmevipanga wenyewe pale mlangoni, vinajisifu. Angeng'ang'ania uongo wa goti, chuo kisingemwona na kosa, na mwanangu angeishi akiulaumu mguu wake. Aliusema ukweli uliomvunjia heshima mbele ya mwanamume aliyempisha kiti. Na kwa sababu ya ukweli huo Lavon akaondoka mzima, akaenda chuo kidogo kule Tennessee, akacheza miaka yake miwili iliyobaki. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliyehangaika na simu kumtafutia nafasi ile ni Kocha huyuhuyu.

Hakuishia hapo. Aliwaita wasaidizi wake akawaambia: kuanzia sasa tunasajili kadiri ya nafasi tulizo nazo, na kijana yeyote atakayeondolewa, nitakwenda mimi kumwambia mama yake, nyumbani kwake. Wakamwambia amerukwa na akili. Wapinzani wetu wa chuo cha ng'ambo ya mto waliendelea kusajili kwa malori, na kila Novemba walikuwa wakitupiga tu. Kinyozi Otis akatangaza dukani kwake, "Tillery anaogopa wanawake!" Kocha alipoulizwa redioni akajibu, "Si wanawake. Ni mmoja."

Halafu kikaja kile kipindi ambacho watu walikwenda kuchomeka kibao cha "Nyumba Inauzwa" kwenye majani mbele ya nyumba yake, kumtaka afungashe virago kwa kushindwa kwetu, na Bi Nadine akatoka na gauni la kulalia kuking'oa. Waliokichomeka wamo humu ndani, wamevaa suti. Msiinamishe vichwa, kuleni keki. Kocha hakubadilika, na mwisho tukaanza kushinda tena, kwa sababu akina mama wa jimbo hili nao wana simu, na tunaambizana ni kocha gani wa kukabidhiwa mtoto.

Kelvis Mabry, simama, baba. Huyu ndiye aliyekaa kwenye nafasi ya mwanangu. Leo ni mfamasia, dawa zangu za presha ananipa yeye. Watu wameniuliza, "Bi Odessa, ungejua, ungemfundisha?" Ningemfundisha. Iliniuma, na bado kuna siku inauma, lakini mwalimu hawezi kumwombea mtoto afeli ili hesabu za kocha zikae sawa. Kaa, Kelvis, unapendeza.

Na wewe, Kocha Brandt, unayempokea kijiti: karibu sana kwetu. Umesajili vijana wangapi, na nafasi ni ngapi? Usinijibu hapa, utanijibu ukija kula.

Sasa Kocha Royce, nataka kusema na wewe. Tangu Jumapili ile hujala kitu kwangu. Tumesalimiana dukani, tumeimba kwa kitabu kimoja kanisani. Amos alipofariki ulibeba jeneza lake, upande wa mbele, na mvua ikinyesha. Tuliporudi nyumbani nikakuletea sahani, ukasema, "Ahsante, nimeshiba." Hukuwa umeshiba. Ulikuwa hujala tangu asubuhi, Nadine aliniambia. Nikairudisha sahani jikoni, na sikukulazimisha, kwa sababu mimi nami nilikuwa sijawa tayari.

Leo huna jezi ya kumpa mtu wala nafasi ya kuahidi. Lavon amerudi kuishi hapa na wanawe wawili. Amekaa kule nyuma, karibu na mlango, na goti lake linamsumbua kwenye ngazi tu kama watu wote wa umri wake. Jumapili baada ya ibada atakuwa kwangu. Kiti cha Amos kiko palepale, na ni Lavon aliyeniambia nisimpe mtu mwingine.

Mheshimiwa Rais, wageni waalikwa, nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka nikapitisha dakika zangu. Kocha, njoo na njaa.