Kiti cha Mzee Bakar

Kijiwe chetu cha mtaa wa Mabawa kina benchi moja, birika moja la kahawa na watu wasiokosa la kusema. Siku hiyo baada ya swala ya alasiri habari ilikuwa moja tu: Bakar kasujudu. Huyu Mpemba alibeba magunia ya mchele maisha yake yote, mpaka mgongo ukamgomea. Miezi minane alikuwa akiswali juu ya kiti cha plastiki mwisho wa safu. Kijiweni wakambatiza Mzee Kiti, naye akicheka nao huku moyo unamuuma. Leo paji lake la uso lilipogusa mkeka wa msikiti alilia, wala hakujificha. Sasa alikuwa benchini na kikombe chake, anamshukuru Mungu kwa sauti na kumsalimia kila apitaye.

— Ni godoro hilo, alisema Manase. Walimwita Daktari kwa kuwa aliwahi kufika hospitali kutazama wagonjwa. — Umenunua jipya, usitufiche.

— Godoro lile lile, Daktari. Ni yoga.

— Yoga ndo dawa gani? Ya kunywa au ya kuchua?

— Ya kujinyoosha, yakhe. Unapiga magoti, mikono chini, unaubinua mgongo kama paka aliyeamka. Halafu unakalia visigino, unainamisha kichwa mpaka mkekani, unavuta pumzi taratibu. Mke wangu Tuhfa katumiwa video na mpwa wake, Wanu. Kila asubuhi ananisimamia.

Ahmada, ambaye kijiweni ni Redio, akashusha kikombe.

— Wacha we! Ni supu ya pweza hiyo. Pweza hana mfupa hata mmoja. Umewahi kumsikia pweza akilalamika mgongo?

— Sasa we Redio unayeinywa kila siku, alidakia Bakar, mbona unainuka kwa kushika ukuta?

— Mie naletewa ya jana. Nguvu zishatoka.

Manase akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

— Sikilizeni. Tulipokuwa tukikata mkonge, mwenye mgongo tulimlaza kichwa kaskazini. Damu ina chuma, kaskazini kuna sumaku. Chuma kinavutwa, mgongo unanyooka wenyewe.

— Na akilala kichwa kusini? aliuliza Redio.

— Anafupika. Nyapara wetu aliondoka kazini mfupi kuliko alivyokuja.

Bakar alicheka mpaka kahawa ikamwagika, na mgongo haukumchoma hata kidogo. Aliwapenda sana wazee hawa siku hiyo, pamoja na uongo wao.

— Jamani, si pweza wala sumaku. Ni mkeka na mazoea. Sikai saa nzima bila kuinuka. Nikiokota kitu nachuchumaa, sikunji mgongo. Na ndoo ya maji siigusi, Tuhfa kanipiga marufuku.

Sabra, muuza kashata aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa kawaamkia shikamoo na sasa anawapangia kashata kwenye sahani.

— Ndoo sasa anabeba nani, babu?

— Si yeye Tuhfa.

— Kutoka bombani kule?

— Ndoo tatu asubuhi, tatu jioni.

— Na mgongo wake yeye haujambo?

Redio akakizungusha kikombe kitupu. Daktari, mwenye majibu ya kila kitu, akageukia barabarani. Bakar amemshukuru Mungu, kamshukuru Wanu, hata simu kaishukuru. Swali hilo hajawahi kuliuliza nyumbani kwake, na aibu ilimshika.

Akainuka kama alivyofundishwa, miguu kwanza, mikono magotini. Kahawa yake ikabaki.

Alimkuta Tuhfa mlangoni na ndoo ya kwanza ya jioni, bega moja limeshuka.

— Tua hiyo.

— Una nini? Mgongo umerudi?

— Wangu mzima. Wako je?

Tuhfa alitua ndoo. Hakufikiri hata kidogo, jibu alikuwa nalo siku nyingi.

— Hapa chini, upande wa kushoto. Tangu Ramadhani.

Bakar aliingia ndani, akautoa mkeka ukutani, akautandika na kuulaza sawa pembe zote nne.

— Njoo, mke wangu. Leo nakusimamia mie.