Kidole Tumbo Kilipasuka Nikidhani Nimepona

Bwana na apewe sifa, ndugu zangu. Wengi wenu hapa Kibomet, Kitale, mnanijua. Mimi ni Mama Faith, nashona sare za shule. Mnajua niliugua nikalazwa. Lakini lililonipata kule Bungoma sijawahi kulisimulia mbele ya watu, kwa sababu hadi leo nikilikumbuka mwili wanisisimka.

Ilianza kama uchungu wa kawaida, hapa kwenye kitovu. Nikakichukia chakula, hata chai. Nikatapika. Kwenye duka la dawa nikaambiwa ni amiba, nikapewa vidonge. Kesho yake uchungu ukahama. Ukashuka chini upande wa kulia, ukatulia mahali pamoja kama msumari. Nikikohoa nachomwa. Nikitembea naenda nimeinama.

Hata hivyo nilisafiri, maana mdogo wangu Nekesa, aliyeolewa Bungoma, alikuwa anamweka mtoto wake wakfu Jumapili. Aliponiona akawaita akina mama wa kanisa lake. Jumamosi mchana wakanizunguka sebuleni, wakaniwekea mikono. Na katikati ya maombi yale, maumivu yakaisha. Sisemi yalipungua. Yaliisha.

Nilijibonyeza tumbo nikitafuta mahali palipokuwa pakiuma. Tukalia kwa furaha, sote. Nikaazima simu ya shemeji, nikampigia Baba Faith huku Kitale nikamwambia nimepona.

Jumapili mchungaji wao akaniita nishuhudie. Nikasimama mbele ya kanisa lote. Nilipofika pale pa kusema sasa sina uchungu wowote, meno yakaanza kugongana. Baridi ilinishika na nje jua linawaka. Tumbo likawa gumu kama ubao. Watu walipiga makofi wakidhani ni Roho ananitikisa. Mchungaji akanitazama usoni, kisha akashusha kipaza sauti.

"Nyamazeni," alisema. "Huyu mama ni mgonjwa. Leteni gari."

Ndugu zangu, hospitalini daktari alikuwa mpole sana. Alinibonyeza tumbo polepole, kisha akaondoa mkono ghafla. Nikapiga kelele.

"Inauma zaidi nikibonyeza ama nikiachilia?"

"Ukiachilia, daktari."

Wakanitoa damu, wakaupima mkojo, wakanipiga picha ya tumbo kwa ile mashine ambayo kwanza hukupaka mafuta baridi tumboni. Daktari akaitazama picha, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Uchungu ulianzia wapi, mama?"

"Kitovuni. Halafu ukashuka huku kulia."

"Na uliisha lini?"

"Jana, tukiomba."

Aliiweka picha kando. Nekesa alikuwa amenishika mkono, nikahisi vidole vyake vikikaza.

"Mama, huko kuisha hakukuwa kupona," daktari alisema. "Kuna kidole kidogo kwenye utumbo, tunakiita apendiksi. Chako kiliziba, kikavimba, kikaoza. Jana kilipasuka. Kikipasuka, lile shinikizo linatoka na mtu anapata nafuu kidogo. Lakini usaha umemwagika tumboni. Tusipokupasua leo, hatutakuwa na wewe."

Nilimwangalia kama mtu anayesema lugha ya nchi nyingine. Yaani wakati tunaimba, wakati nampigia mume wangu simu, kifo kilikuwa kinasambaa ndani yangu? Nekesa alisema tu, "Dada, si sisi tulikuwekea mikono?"

Wakanipasua jioni ile. Wakakitoa kidole kile, wakaniosha tumbo kwa maji ya dawa, wakaniacha na mpira ubavuni wa kutoa usaha. Dawa ziliingia kwa mshipa. Chakula sikupewa. Kila asubuhi walikuja kuniuliza kama nimetoa hewa, maana hiyo ndiyo dalili kwamba matumbo yameamka. Baba Faith alifika akasimama mlangoni, hawezi kuingia.

"Si ulinipigia simu ati umepona?" aliuliza, kisha akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Mchungaji yule alikuja pia. Nikamuuliza swali lililokuwa linaniua kuliko kidonda: "Mchungaji, nilimshukuru Mungu kwa lipi pale mbele?"

"Mama, hata mimi nilitetemeka," akasema. "Sijui kila kitu. Lakini wewe ulikuwa urudi Kitale mara tu baada ya ibada. Ungezidiwa barabarani, kati ya watu wasiokujua. Mungu alikusimamisha mahali ambapo kila jicho lingekuona."

Ndugu zangu, nilibaki na maneno hayo kitandani siku nyingi. Bado nashtuka. Lakini naamini. Aliyesikia maombi ya akina mama wale ndiye aliyempa mchungaji macho na daktari mikono. Namshukuru Yeye, nawashukuru wao.

Sasa nawasihi. Mtumainini Mungu kwa moyo wote, na msimfundishe njia ya kupita. Uchungu ukianzia kitovuni ukahamia kulia, usimeze vidonge vya kubahatisha. Ukiisha ghafla, usicheze ngoma, kimbia upimwe. Na kama kuna mtu ameketi hapa asubuhi hii ameshika upande wake wa kulia, asiningoje nimalize. Ainuke sasa. Mzee wa kanisa ana gari nje, na sisi tutamwombea njiani.