Mama Aliyeingia Uwanjani Bila Viatu

Mgeni rasmi, Nabil wa Johari, kipa wa timu ya lakrosi ya wanaume ya chuo chako huko ng'ambo ya mto, Virginia. Mheshimiwa kocha uliyeketi kulia kwake. Majirani wote, pamoja na watoto mlio chini ya meza mkidhani hatuwaoni:

UKARIBISHO

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na bonjour kwa dada Jacqueline na watu wake. Sisi wapangaji wa jengo hili la Silver Spring tunafurahi kukuona kwenye kiti chenye kitambaa. Usikiogope. Tunajua umezoea kusimama, tena mbele ya watu wanaokurushia mpira mgumu kama jiwe, lakini leo utakaa. Risala ikisomwa mgeni rasmi hasimami, hachezei simu, haendi msalani, na risala ikiisha hujibu. Ndiyo desturi yetu, na tuseme ukweli, ndiyo sababu hasa ya kukufanya mgeni rasmi. Tangu Oktoba tunakupigia simu, hushiki. Tunakuandikia, unatujibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba, Nabil! Sisi tuliokubadilisha nepi!

Kocha wako hajui Kiswahili. Tumemwambia hizi ni salamu za kukutakia msimu mwema, na si uongo. Ana sambusa mkononi, ametulia. Wewe unaelewa kila neno, hata kama hujibu ila kwa Kiingereza. Basi sikiliza.

ULIKOANZIA

Mgeni rasmi, huu mchezo wa lakrosi hatukuja nao kwenye masanduku. Siku ulipoingia na ile fimbo yenye wavu kwenye ncha, Gichuki wa ghorofa ya pili, dereva wa teksi, alidhani unakwenda kuvua samaki. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mama yako, Johari, ndiye aliyekuuliza, "Sasa mchezo huu wahitaji nini?" Ukamwambia unahitaji mtu wa kukurushia mpira.

Johari huhudumia wazee majumbani huko Springfield. Alikuwa akirudi jioni miguu imemvimba, anavua koti, anashuka nawe kwenye maegesho ya magari, anarusha. Shabaha hakuwa nayo hata kidogo. Taa ya gari la Jacqueline ilikwenda na maji, na ukuta wa mapipa ya taka una vishimo mpaka leo. "Mon Dieu, Johari, unataka kumuua mtoto?" Jacqueline alipiga kelele kutoka dirishani. Mama yako akamjibu bila kugeuka, "Simuui. Namfunza asiogope." Mpira wa kwanza uliokupata begani, aliyelia ni yeye. Akajipangusa, akarusha mwingine.

Lakini mechi zako za sekondari zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi yeye yuko kazini. Hakuona hata moja. Kichwani mwake lakrosi ilikuwa ile ya maegesho: mmoja anarusha, mmoja anazuia, kisha wote wawili wanapanda juu kula. Likumbuke hilo tutakapofika mbele.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, msimu unaanza Jumamosi ijayo, kwenye uwanja wenu wenyewe, na tumesikia kwamba kocha amekuweka golini tangu mwanzo. Hongera! Gichuki amemwambia kila abiria, hata wale waliolala. Watoto wa jengo hili sasa wanabishana nani atakuwa kipa, na miavuli yetu inavunjika kwa sababu yako.

Sisi nasi tumesoma. Tulikuwa wajinga, sasa tuna nafuu. Gichuki akitazama mechi kwenye simu anagonga meza: "Hiyo ni foul clear, ref amelala!" Johari hutazama kazini, yule mzee anayemhudumia anapopitiwa na usingizi. Anajua sasa kwamba kuchapa glavu na fimbo ya mpinzani aliye na mpira ni ruhusa, kichwa hapana. Anajua kipa ana duara lake ambalo mpinzani haruhusiwi kulikanyaga, na kipa mwenyewe akitoka nje ya duara na mpira huchapwa kama wengine. "Laiti ningeyajua haya mapema," alimwambia Jerotich, huyu nesi anayekusomea, "ningekaa kitako nikanywa chai yangu."

CHANGAMOTO

Sasa hapa ndipo penye kazi.

Kwa ile mechi ya kirafiki ya Oktoba Johari aliomba ruhusa kazini. Tulikuja kwa gari la Gichuki na la Jacqueline. Tukatandika mkeka kwenye mteremko wa nyasi, tukavua viatu, tukafungua chupa ya chai. Ukazuia wa kwanza, tukapiga vigelegele. Ukazuia mwingine kwa kifua, mama yako akatushika mikono sote. Kisha ukatoka golini na mpira, unakimbia, na yule kijana mrefu wa upande wa pili akakuchapa fimbo mkononi. Akakuchapa tena. Ukaanguka. Na watu wakashangilia!

Wallahi tulipigwa na butwaa. Mtoto wa watu anachapwa fimbo hadharani, mwamuzi anatazama, polisi wa chuo anatazama, na watu wanatafuna bisi! Gichuki alipaza sauti, "Shikeni huyo!" Jerotich akaanza kutafuta viatu. Johari hakutafuta chochote. Alichokiona ni fimbo inayopanda na mwanawe aliye chini. Alishuka ule mteremko miguu mitupu, leso ikimdondoka begani, akapenya katikati ya wanaume wenye helmeti, akaishika fimbo ya yule kijana kwa mikono miwili. "Wampigiani? Amekukosea nini?" Alisema kwa Kiswahili, maana mtu akishtuka vile hana nafasi ya kuchagua lugha.

Mwamuzi akatupa kile kitambaa chake cha njano. Timu yenu ikaadhibiwa, wapinzani wakafunga, mkatoka mmeshindwa kwa bao moja. Kosa hilo ni letu, na tunaomba radhi kwako, kwa kocha, na kwa timu nzima. Lakini usimtwishe yeye peke yake. Sote tulikuwa tunakuja. Viatu ndivyo vilivyotuchelewesha.

Mgeni rasmi, lingekuwa hilo tu, tungekula pilau tukacheka. Kuna la pili.

Mama yako alitolewa mpaka nyuma ya uzio, anahema. Jerotich alikuwa kando yake, amemshikia viatu. Kocha akakusogelea, akakuuliza kama unamjua yule mama. Ukavua helmeti. Ukatazama nyasi. Ukasema humjui.

Hatukuamini masikio yetu. Jerotich ameuguza watu miaka na miaka, amesikia mengi, lakini viatu vilimponyoka mkononi. Humjui! Johari anakijua Kiingereza, Nabil. Anafanya kazi kwa Kiingereza kutwa nzima. Alikusikia vizuri sana. Aliinama, akaviokota viatu vyake, akavaa kimoja, akakaa kidogo, akavaa cha pili. Tukapanda magari, tukaondoka. Tulipokaribia daraja ndipo akasema, "Mliuona ule mpira aliouzuia kwa kifua?" Hajasema jingine juu ya siku ile mpaka leo, na sisi mpaka leo hatujatulia.

Yule mzee wake wa Springfield amepoteza kumbukumbu. Kila asubuhi humuuliza, "Wewe ni nani?" Naye humjibu, "Mimi ni Johari," kisha wanakunywa chai. Huwa hakasiriki, kwa kuwa mzee ni mgonjwa. Siku chache baada ya mechi, Jerotich alimkuta Johari amekaa ngazini, funguo mkononi, hajaingia kwake. Mzee alikuwa amemuuliza lile swali la kila siku, na siku hiyo alishindwa kulijibu. Wewe si mgonjwa, Nabil. Tunakwambia kwa uchungu, kwa kuwa tunakupenda.

OMBI

Ombi letu ni moja tu. Umetutumia mwaliko wa Jumamosi, ahsante. Gichuki ameupata. Jerotich ameupata. Hata Jacqueline mwenye taa ameupata. Johari hakuupata. Hakulalamika. Alituuliza tu, "Mtanipigia picha?" Na kazini amekwisha kuwaambia Jumamosi atakuwepo, kama zamani.

Tunamwombea kiti. Si lazima kiwe cha mbele. Hata kiwe nyuma kabisa, karibu na vyoo. Gichuki atakaa kulia kwake, Jerotich kushoto, na leso yake tutaishika sisi. Kwamba ulipata aibu tunaelewa, ulikuwa mbele ya wenzako na mama amevamia uwanja. Hatudai usahau. Mkeka tutauacha nyumbani, na viatu hatuvui.

DUA

Mwenyezi Mungu akulindie mikono, meno na magoti. Akupe macho ya kuuona mpira kabla haujatoka kwenye wavu wa fimbo ya mpinzani. Awape wenzako nguvu ya kukukinga, na kila mechi ikiisha akurudishe ukiwa mzima. Semeni amina, na wewe Nabil sema.

Sasa ni zamu yako kujibu. Ila kabla hujasimama, jambo moja. Pilau hii ameipika mama yako. Hakujua risala ina nini. Tulimwambia ni chakula cha kuitakia timu heri, atatugombeza baadaye. Tangu tulipoanza kusoma habari za Oktoba amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi. Sisi hatumtazami. Nawe usimtazame kama huwezi.

Kocha wako alipoingia alimkazia macho, kama mtu anayejiuliza amemwona wapi. Akamwinamia Jerotich akauliza, "Yule mama ni nani?"

Jerotich alimwambia asubiri, mgeni rasmi ndiye atakayesema. Sema hata kwa Kiingereza, Nabil. Aliye mlangoni atakusikia.

Ni sisi majirani zako na wa mama yako,
Wapangaji wa Jengo la Maegesho Yenye Vishimo,
Silver Spring, Maryland.